Mwaka wa Pilipili Nyingi

Jumatano iliyopita, siku tano baada ya kumzika mama mkwe wangu, mke wa mwanangu alisema uongo mbele ya watu wote. Wifi yangu Mapendo, aliyevuka ziwa kutoka Bukavu kuja kwenye msiba wa mama yake, alikuwa ameinua mfuniko wa konjelateri, ile friji kubwa ya kulala iliyo kwenye korido yetu, akitafuta mfuko wa pilipili alioutaja tangu aliposhuka kwenye meli. Zilikuwa pilipili za mwisho ambazo mama aligandisha kwa mikono yake. Badala yake alikuta maji mekundu na uvundo. "Nani alitosha fishi hapa?" aliuliza, akiwa ameushika waya na fishi yake, plagi iliyochomolewa ukutani. Wanawake waliokuwa wakichambua maharage wakainua vichwa. Neema, ambaye ana miezi minane tu kwetu, akasimama na kusema, "Ni miye, mama. Munisamehe." Nilijua ni uongo, kwa sababu aliyechomoa fishi ile ni mimi. Jioni tuliyorudi kutoka hospitali bila mama, nilipita chumba hadi chumba nikichomoa redio, pasi, televisheni, kama yeye alivyofanya kila jioni ya maisha yake. Yeye alikuwa akiiruka konjelateri. Mimi sikuiruka, na asubuhi nyumba ilijaa watu nikasahau. Mapendo akasema msichana wa namna hiyo arudishwe kwao kwanza, amaliziwe mafundisho. Nami niliyekuwa na la kusema nikaendelea kuchambua maharage.

Sikulia msibani, na watu waliliona hilo. Mimi si mtu wa machozi ya karibu, na mama mkwe mwenyewe hakupenda wanawake wanaojitupa chini kwenye mazishi. Alisema wanachafua kitenge bure. Nilipika, nilipokea wageni, nilipanga viti. Lakini tangu Jumatano kuna mwaka mmoja ambao umekuja kukaa nami jikoni, na haukubali kuondoka. Ni mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii ya Keshero, hapa Goma, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilikuwa bado nagonga mlango kabla ya kuingia chumba cha kulia chakula.

Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyingi za mtaa wetu, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Mbao zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akigeuka kitandani unajua amegeukia upande gani. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha mabati chenye mafiga matatu makubwa ambayo mama mkwe aliyachagua alipokuwa mchanga, na kando yake mbabula mbili, majiko madogo ya makala, yaani makaa, kwa siku za haraka. Watu wa nyumba ile walikuwa na desturi yao. Mke mpya hapiki kwa moto wake. Anapika kwenye moto wa mama mkwe, kwa chumvi na pilipili ya mama mkwe, mpaka siku atakapopewa mafiga yake. Baada ya hapo hata kama anapikia makala maisha yake yote, mawe yake matatu yapo, na hakuna atakayemwita mgeni. Mke wa kaka mkubwa wa Deo, mume wangu, alisubiri miezi saba. Kulikuwa na mwingine kabla yake, wa binamu fulani, aliyerudishwa kwao "kumaliziwa mafundisho" na hakurudi tena. Habari zake nilizisimuliwa na watu watatu tofauti katika wiki yangu ya kwanza, kila mmoja kwa sauti ya chini na kila mmoja kwa faida yangu.

Mimi nilitoka Rutshuru, nyumba ya maziwa na maharage, na wakwe zangu walikuwa watu wa upande wa Bukavu, wenye kula bugali ngumu, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, na juu ya kila kitu pilipili. Sisemi pilipili ya kuonja. Mama mkwe aliiponda kwa jiwe pamoja na chumvi na kitunguu, akaiweka katikati ya meza kwenye kibakuli cha udongo, na chakula kilikuwa hakianzi kabla haijafika. Siku ya kwanza nilichota kama mtu anayechota maziwa. Machozi yalinitoka, makamasi yakanitoka, Deo akaangalia sahani yake. Mama mkwe alinisogezea maji bila kucheka, akasema tu, "Bibi ya Deo atazoea." Hakuniita kwa jina mwaka ule wote, wala baadaye. Nilikuwa bibi ya Deo, mke wa Deo, kama vile mtu anavyoweza kuwa mwavuli wa Deo.

Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba lake dogo la pilipili mbuzi, zile fupi zenye mikunjo, za manjano na nyekundu. Udongo wa hapa ni mweusi na mchache, umebanwa kati ya mawe, lakini kitu kikikubali kuota humo huota kwa hasira. Mwaka ule mvua ilikuja kwa mpango na pilipili zikazaa bila haya. Tulichuma beseni asubuhi, kesho yake miti imejaa tena. Tulipeleka sokoni Majengo tukakuta kila mwanamke ana beseni lake, na mmoja akatuambia tumwongezee za bure au tuondoke nazo. Tuliwapa majirani, majirani wakatupa na sisi za kwao. Mama mkwe akazianika juu ya mabati na mashuka, kama alivyofanya kila mwaka, lakini mvua ile ile iliyozizalisha haikuziacha zikauke, na siku ambazo hakukuwa na mvua mlima ulitupa vumbi lake jeusi. Baada ya wiki moja zilikuwa na unyoya mweupe. Alizitupa shimoni kwa mikono yake mwenyewe.

Kumbe wakati ule ule nguzo za umeme zilikuwa zimefika kwenye barabara yetu. Ulikuwa umeme wa tabia yake: unakuja jioni karibu na saa kumi na mbili, unaondoka alfajiri, mchana haupo. Na ndani ya korido kulikuwa na konjelateri. Marehemu baba mkwe aliinunua Bukavu, akaisafirisha kwa meli hadi Goma akitegemea kwamba umeme ungefika kabla ya Noeli, akafa miaka minne kabla haujafika. Mama mkwe aliifanya kabati. Humo alikunja kostimu mbili za marehemu, suti zake, mashati, kofia, viatu vilivyofungwa kwenye gazeti, vidonge vya naftalini katikati. Aliifunga kwa ufunguo, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Siku za sikukuu ya marehemu aliifungua, akaziangalia nguo, akafunga.

Nilikuwa nimesoma shule ya bweni ya masista, ambapo wasichana tulipishana zamu jikoni. Masista waligandisha pilipili zao. Nilisema hivyo mezani, jioni moja, kwa sababu kimya kilikuwa kirefu na nilitaka kukijaza. Deo akaniangalia kama mtu aliyemwona mtoto akichezea wembe. Mama mkwe akauliza, "Kwa masista munazifanyaka namna gani?" Nikaeleza. Unachuma asubuhi umande ukishakauka. Unachagua ngumu tu, iliyolainika unaila leo. Unaosha, halafu unapanguza moja moja kwa kitambaa mpaka iwe kavu kabisa. Unazipanga kwenye sinia bila kugusana, zinalala usiku mmoja kwenye baridi, kesho yake ndipo unazikusanya kwenye mfuko na kuutoa hewa. Ukizitia na maji yake utaamka na jiwe moja la barafu, na kila ukitaka pilipili mbili itabidi utafute nyundo. Siku ya kupika unaikata ingali imeganda, ukingoja iyeyuke inakuwa kitambaa. "Na ukali wake?" akauliza. Nikasema ukali hauendi popote. Akaendelea kula. Mwishoni akasema, "Ile ni kabati ya muzee," na tukadhani habari imeishia hapo.

Haikuishia. Kesho yake nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya kibanda cha jiko, naye alikuwa ndani na rafiki yake Mama Sifa, mama wa jirani aliyesali naye kila asubuhi. Sikutega sikio. Mabati yalikuwa na matundu na mimi nilikuwa na masikio.

"Nikitosha nguo zake mule, Mama Sifa, njo atakuwa amekufa sawasawa."

"Miaka ine, mama. Nguo haijivalake."

Jiwe likasaga tena.

"Sawa. Nitajaribu. Lakini ile pilipili ikioza, huyu mutoto arudi kwabo kwanza, wamumalizie. Sitamupa mafiga ju ya maneno ya masista."

Niliisugua sufuria ile mpaka ikawa mpya. Kwa hiyo nilijua mapema bei ya kila kitu, na mpaka leo sijui kama ilinisaidia kujua.

Alizitoa nguo mwenyewe, siku mbili baadaye, akazilaza juu ya kiti chumbani kwake kwa kuwa hakuwa na kabati nyingine. Nikaosha konjelateri kwa sabuni na ndimu mpaka naftalini ikakubali kuondoka. Kisha tukafanya kazi, yeye na mimi, mkeka mmoja, beseni moja, kwa siku nne. Nilijipaka mawese mikononi kwanza kama masista walivyotufundisha, naye akakataa, akasema mikono yake inajuana na pilipili. Usiku wa kwanza nilimsikia kupitia mbao akiilalamikia mikono kwa Kishi, lugha ya kwao. Siku ya pili akaja akaketi, akaninyooshea viganja, nami nikampaka mawese. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa, ukiacha salamu. Alikuwa na haraka ya kupanguza. Aliacha tone hapa na pale, nami nilipanguza tena nyuma yake akijifanya haoni. Wiki ya kwanza pilipili ziliganda zikawa kama kokoto. Alizoea kuinua mfuniko jioni, akachukua moja, akaigonga ukingoni kusikia mlio wake.

Halafu redio ya jirani ikaungua. Umeme ulipanda ghafla ikatoa moshi, na mtaa mzima ukaenda kuiangalia. Mama mkwe alirudi ameamua. Tangu jioni ile, rozari ikiisha saa mbili, alipita nyumba nzima akichomoa fishi. "Courant nayo ilale," alisema, akimaanisha umeme. "Kila kitu kinalalaka." Niliona akichomoa taa na redio. Sikujua kwamba alikuwa akichomoa na konjelateri, kisha anairudisha alfajiri kabla hatujaamka, akiamini ameitunza. Baridi kwake ilikuwa kama moto wa makala: ukishashika, unaufunika na majivu, asubuhi unaukuta. Lakini umeme wetu ulikuwa wa usiku tu. Saa alizokuwa akiipumzisha ndizo saa pekee za kula kwake. Jioni ya tano nilitoka kuchukua maji nikamwona kwenye korido, ameinama, anauvuta waya taratibu kama anayemtoa mtoto kwenye titi. Nilisimama pale pale. Ningeweza kusema neno. Nilijiambia bibi ya Deo wa miezi sita hamfundishi mama mkwe mambo ya nyumba yake, na kwamba kesho nitatafuta njia nzuri ya kulisema.

Kesho haikuningoja. Mama mkwe alitoka mapema kwenda misa na Mama Sifa, hakurudisha fishi. Deo, ambaye alikuwa karani bandarini na huamka na ndege, alitaka pilipili ya kubeba kwenye chakula chake. Nilimsikia akiinua mfuniko, nikasikia akitukana kwa Kifaransa. Nilipofika harufu ilikuwa imefika kabla yangu. Mifuko yote ilikuwa imelegea, maji mekundu chini, zile za juu tu zikiwa na baridi kidogo.

"Fishi iko chini," akasema. "Nani alitosha fishi?"

Mama mkwe alikuwa ameingia. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha misa kichwani, akaangalia waya, akaangalia mifuko. Niliona uso wake ukielewa. Ulielewa kwa utaratibu, kuanzia machoni kwenda chini, na mkono ukapanda hadi shingoni ulipokuwa ufunguo. Alikuwa amezitoa nguo za mume wake kwa ajili ya kitu hiki. Ningelingoja pumzi moja zaidi labda angesema. Sikungoja.

"Ni miye," nikasema.

"Weye?" Deo akapandisha sauti. "Weye mwenye ulitueleza mambo ya masista?"

"Niliogopa moto. Munisamehe, mama."

Mama mkwe alinipita. Aliingia chumbani, akafunga. Alishinda humo. Nilizika pilipili shimoni, nikaosha konjelateri mara ya pili, nikapika kwenye moto wake, hakuja kula. Kupitia mbao nilimsikia akikunja na kukunjua, na nilijua ni zile kostimu. Deo alijaribu kunituliza kwa kuniambia kwamba kwetu si mbali. Kwa miaka mingi nilimhesabia mama mkwe siku ile na usiku wake. Nilisema moyoni: alijua, na aliniacha niubebe mpaka asubuhi. Nilikuwa na kiburi kidogo nayo, kama mtu anayetunza risiti.

Asubuhi alisimama kwenye mlango wetu amevaa. "Bibi ya Deo, funga kitenge yako muzuri. Tunatoka." Nilikuwa nimekwisha kufunga furushi langu, vitenge viwili, kitabu cha nyimbo, picha ya mama yangu. Nikalibeba. Aliliona, akatangulia. Nilidhani tunaelekea barabara ya kupandia gari la Rutshuru, lakini alipofika langoni alikata kushoto, akazunguka nyumba, akapita katikati ya miti ya pilipili mpaka kwenye lundo la mawe nyuma ya shamba, yale ambayo marehemu alikuwa ameyang'oa alipokuwa akisafisha kiwanja. Akasimama, mikono kiunoni.

"Chagua tatu," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa bado nimeshika furushi.

"Weka ile mavazi chini, unachagua na mikono. Ugonge jiwe na jiwe. Ile yenye inalia muzuri njo haipasukake na moto. Yenye inanyamaza, uiache."

Nikagonga. Mawe ya volkano mengi yana matundu ndani, yanakujibu kama boga. Machache yana sauti. Ilinichukua muda mrefu kupata matatu, na alisimama pale mpaka nilipomaliza, akabeba moja mwenyewe, lile kubwa. Miti haikuwa imeacha kuzaa. Wiki ile ile tukachuma upya, tukapanguza, tukapanga, na jioni baada ya rozari alipita nyumba nzima akichomoa kila kitu, akafika kwenye konjelateri, akaigusa juu kama unavyomgusa mtu bega, akapita. Zile pilipili tulikula mpaka mvua ya mwaka uliofuata. Kostimu za marehemu aliwapa kaka wawili wa kwaya. Habari ya fishi hatukuizungumza, siku ile wala nyingine, na miaka imepita ambayo sitaki kuihesabu.

Sasa turudi kwa Neema. Jumatano nilinyamaza, Alhamisi nikanyamaza, na wakati huo Mapendo alikuwa ameshapiga simu kwao Neema kuwaambia wajiandae kumpokea mtoto wao. Mama mkwe wangu alinyamaza mchana mmoja na usiku mmoja, na nikamshikia hilo nusu ya maisha yangu. Mimi nilikuwa nimempita. Aibu ni kitu kizito mdomoni. Nilikuwa sijui, kwa kuwa siku zote nilikuwa upande wa aliyesamehe. Ijumaa, watu wakiwa kwenye chai, nilisimama nikasema, "Mulamu Mapendo, ile fishi nilitosha miye. Siku ile mama alikufa. Huyu mutoto hana kosa." Mapendo akaomba sukari. Nikamwambia Neema, "Funga kitenge yako. Tunatoka."

Lundo la mawe lipo bado, limepungua. Nilimwambia achague matatu, na kabla sijamweleza lolote aliinama, akachukua jiwe na jiwe, akayagonga pamoja karibu na sikio.

"Nani alikufundisha?"

"Koko," akasema. Ndivyo alivyomwita mama mkwe wangu, bibi wa mume wake.

"Na ile Jumatano, mbona ulisema ni weye?"

Akaacha kugonga. Ana tabia ya kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilikuonaka ukitosha, mama. Na koko alikuwa amenieleza vile mulipataka mafiga yenu. Alikuwa anaelezaka kila tukipanguza pilipili. Alisemaka, 'Fishi nilitosha miye, na Furaha akaibeba. Sikupata siku ya kumuomba pardon, ju kila siku alikuwa anafanya kama hakuna kitu.'"

"Alisema Furaha?"

"Njo jina yenu, mama."

Nilikaa chini juu ya mawe, na kitenge changu kikachafuka, na nikalia kwa sauti, kilio chote cha msiba ambacho watu walikuwa wamekingoja wiki nzima. Neema aliniangalia kidogo. Kisha akageukia lundo, akaendelea kugonga jiwe na jiwe, akitafuta la tatu.